Rejeta ya alumini kwenye Pijo 404: bizari, mayai na boksi la biskuti

Gari likichemsha Nakuru, washauri huja kabla mvuke haujaisha. Mimi niliambiwa nitoe thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Nikaambiwa nitie ute wa yai. Jirani mmoja, ambaye gari lake halina kasoro hata moja, akaniapia kwamba vijiko vitatu vya bizari vinaziba tundu lolote la rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Nikatia. Wiki nzima Pijo ilinukia kama nyumba ya watu walio na sherehe, na Jumamosi ikachemka pale pale kwenye mlima wa Sachangwan, mbolea ikiwa nyuma na malori yakinipigia honi.

Ni Pijo 404 pikapu aliyoniachia baba. Watu wa rika langu wanaijua: benchi mbili nyuma, turubai juu, na makanga anayening'inia. Ndugu yake, 404 ya saluni (gari dogo la abiria), alishinda mbio za Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, kwa hiyo wanaoniambia niiuze ninunue Probox nawasikiliza tu. Nikipanda Molo nabeba mbolea, nikishuka nabeba viazi.

Ushauri wa thamostati ndio ulioniudhi zaidi, kwa sababu niliutii miezi miwili. Asubuhi ya baridi Molo injini ilikuwa haipati joto kabisa, choki imevutwa hadi mwisho, petroli inaisha kama inamwagwa. Halafu mlimani, mzigo ukiwepo, ikachemka vile vile. Thamostati ikishafunguka yote imemaliza kazi yake. Kama rejeta imeziba, kuitoa thamostati ni kumfukuza bawabu wa nyumba ambayo mlango wake umekwama.

Na yangu ilikuwa imeziba. Ya shaba, ya tangu baba, imepigwa rodi (kuzibua mirija) mara mbili na kuzibwa mara nisizojua idadi. Fundi wangu wa rejeta, mzee mkweli, aliigeuza juani akaniambia, "Mwalimu, hii sasa nachomelea risasi juu ya risasi. Shaba yenyewe iliisha." Alikuwa tayari kuniwekea kori mpya ya shaba, yaani sehemu ya katikati yenye mirija, lakini bei aliyotaja ilinifanya nikae kwenye mtungi wake wa gesi. Hapo ndipo nikaanza kufikiria alumini.

Sasa mniruhusu nisimulie ujinga wangu.

Nilinunua rejeta iliyotumika kutoka Japani, ya Toyota ya otomatiki, yenye kori ya alumini na matangi ya plastiki juu na chini. Elfu sita na kitu. Muuzaji aliniambia, "Mzee, hii inaingia popote." Iliingia, naam, baada ya kukata bracketi mbili na kutoboa mpya nne. Tatizo lilikuwa mdomo wa chini: ulikuwa upande usiofaa. Nikatafuta paipu ndefu ya mpira, nikaijaza mchanga uliokaangwa jikoni (sufuria hiyo mama watoto bado anaitaja), nikaipinda ikiwa moto, ikapoa ikiwa na kona nzuri kabisa. Nilijiona injinia.

Ndani ya mji hakuna shida. Nikitoka Salgaa na kukanyaga mafuta, mshale wa joto unapanda. Nikisimama na injini ikinguruma polepole, unashuka. Yaani kinyume cha magari mengi. Nilibadilisha wota pampu. Nilibadilisha hata geji. Mwishowe kijana anayenisaidia kupakia mizigo akainamia injini nikiwa nakanyaga, akapiga kelele, "Mwalimu! Paipu inanyonywa!" Nikashuka, nikamwambia akanyage yeye. Kweli. Injini ikienda kasi pampu inavuta maji kutoka chini, na paipu yangu laini, ile ya mchanga wa kukaanga, inajibana bapa kama chapati. Maji hayapiti. Ukiachia mafuta, inajaa tena, imetulia, haina habari.

Paipu ya chini inatakiwa iwe ngumu au iwe na springi ndani. Nilizungusha waya mgumu kwenye mpini wa jembe, nikaitumbukiza, ikakubali. Wiki tatu baadaye tangi la plastiki likapasuka kwenye mshono, kwa sababu nilikuwa nimelikaza kwenye chuma bila mpira, na barabara ya shambani mnaijua. Plastiki haichomelewi ikapona. Niliiuza kwa chuma chakavu.

Basi mara ya pili nikaamua kununua ya alumini tupu, matangi na kori pamoja, yenye kuchomelewa kwa gesi ya agoni. Na hapa wauzaji wote wana wimbo mmoja: ina safu ngapi za mirija? Nne ni bora kuliko mbili, nene ni bora kuliko nyembamba. Si kweli hivyo. Shaba yenyewe hupitisha joto vizuri kuliko alumini, hapo mafundi wa shaba hawadanganyi. Ila mirija ya shaba huwa miembamba, kama nusu inchi, maana ikiwa mipana inavimba kwa presha. Ya alumini inaweza kufika inchi moja, kwa hiyo safu mbili zake zinagusa vibati vya kupozea sawa na safu nne za shaba. Nene kupita kiasi inazuia hata upepo kupenya. Pia niliangalia feni. Ya Pijo yangu ina sumaku ya umeme inayoishika injini ikipata moto tu, na kaboni yake, inayoipelekea umeme, ilikuwa imekwisha, haishiki hata siku moja. Ningenunua rejeta ya ndege bado ingechemka.

Ujanja ninaojivunia ni wa boksi. Kabla ya kutoa hata shilingi, nilichukua maboksi ya biskuti dukani kwa shemeji, nikatengeneza rejeta ya karatasi: urefu, upana, unene, na midomo ya vipande vya bomba la PVC. Nikaifunga mahali pake kwa kamba, nikazungusha feni kwa mkono. Ile ya safu nne niliyokuwa karibu kuilipia, feni iliila boksi lake. Ya safu mbili ilibaki na nafasi ya vidole viwili. Nikaibeba rejeta ya boksi kwenye matatu hadi Nairobi, abiria wakinitazama, nikaiweka kaunta nikamwambia kijana, "Nataka hii, lakini ya alumini." Alicheka, lakini aliitafuta. Ilikuwa elfu ishirini na kitu, na bracketi nikachomelewa Industrial Area hapa Nakuru kwa pesa ya chai.

Safari hii nikaikalisha juu ya vipande vya tairi, chuma kisiiguse popote. Si kwa ajili ya mtikisiko peke yake. Weka mita ya volti, waya mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine utumbukize kwenye maji ya rejeta bila kugusa alumini, injini na taa zikiwa zimewashwa. Yangu ilisoma 0.4. Umeme ulikuwa unarudi kupitia maji kwa sababu waya wa hasi kutoka injini hadi bodi ulikatika miaka iliyopita na hakuna aliyeona, na alumini huliwa na umeme huo hadi ikatoboka. Nikafunga waya mpya mnene kutoka kebo ya betri kuukuu. Ikashuka chini ya 0.1.

Maji ya bomba, sitii tena. Maji ya visima vya Nakuru yametupaka meno rangi ya chai tangu utotoni kwa floraidi, na madini mengine yamo humo humo. Natia kulanti, dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa na maji safi ya kuongezea betri, si asidi.

Thamostati nimerudisha. Sachangwan napanda na magunia kumi na manne ya mbolea, mshale hauvuki katikati.

Kosa lililobaki ni la kifuniko. Rejeta mpya ilikuja na cha presha ya baa 1.1, nami nikafurahi, maana huku juu maji huchemka mapema, Timboroa kama nyuzi 91, na presha ndiyo inayoyazuia. Nilisahau kwamba hita ya Pijo ni ya umri wangu. Ilipasuka Jumapili tukienda harusini, ikammwagia mama watoto kulanti ya kijani kwenye viatu vyeupe. Nimeweka kifuniko cha presha ndogo, na hita nimeiruka kwa paipu. Tukienda Molo tunavaa makoti.