Imefagiwa, Lakini Tupu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimeshindwa kuvuka Mathayo 12:43-45. Pepo mchafu akimtoka mtu huzunguka, kisha hurudi, akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa. Anaingia na wenzake saba, waovu kuliko yeye.

Aliyenirudisha hapo ni baba yangu mdogo, hapa Tukuyu. Alikuwa mgambo, akapelekwa vita ya Kagera, Tanzania ilipopigana na Uganda ya Idi Amin. Jumapili baada ya ibada alikaa barazani akichambua maharage, akasimulia walivyoingia Kampala Aprili 1979, watu wamejaa barabarani wakishangilia. "Tulijua kazi imekwisha," akasema, mkono ukasimama kwenye ungo.

Mimi naamini vita ile ilikuwa ya haki. Amin ndiye aliyetuvamia, na ni chini ya utawala wake Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, Februari 1977. Lakini tazameni kilichofuata. Makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutanishwa Moshi Machi 1979, vita ikiendelea, kila kundi na kinyongo chake. Yusuf Lule, aliyeshika nafasi ya Amin, akaongoza siku 68 tu. Binaisa, aliyemfuata, akaondolewa Mei 1980. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba yakakataliwa, Museveni akaingia msituni kupigana 1981, na Luwero, eneo la mapigano hayo, ikajaa mafuvu. Askari wetu walikuwa bado wako huko Lule alipong'olewa! Bunduki ilimtoa Amin. Kuwapatanisha wenye nyumba haikuweza.

Wapendwa, niseme wazi: sisi tunapenda siku ya kufukuza. Ndoa ikiwaka moto, ukoo unakodi Noah, wazee wanafika, mgomvi anakaripiwa mpaka anatoka, tunaomba, tunakula, tunaondoka. Wiki inayofuata nani anarudi? Yule aliyetoka ana ndugu zake na hasira zake. Watoto wameona yote, na hakuna aliyewauliza kitu. Wazee wa kanisa, nyumba mliyokwenda kuiombea mwezi uliopita, mmeingia tena? Rudini, jamani. Kaeni na ndugu wasiosalimiana hata wakiwanunia. Msiwachagulie mkubwa wao kwa haraka ili muwahi gari. Sikilizeni na yule msiyempenda, maana naye ni mwenye nyumba.

Jumatano kwenye jumuiya tuiombee Uganda, na Kongo pia, ambako majeshi ya nje yameingia na kutoka mara nyingi. Tukimaliza, wale tuliokwenda kusuluhisha kule bondeni tubaki. Tutashuka kuwasalimia, pande zote mbili, na hakuna atakayetoa hotuba.