Bibi wa Tuba City na majina ya marehemu

Tangu nihamie kaskazini mwa Arizona kwa kazi ya uuguzi, waumini wenzangu kule Kenya hawaishi kuniuliza: hao Wanavajo wa kanisani, wenyeji wa asili wa huku Marekani, wameacha mila zao au bado? Mimi ni Mmormoni, yaani muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na swali hilo limenichosha. Huku sijakutana na mtu aliyelimaliza kwa jibu moja.

Chukueni bibi mmoja Mnavajo ninayeketi naye kanisani Jumapili, hapa Tuba City. Alipokuwa mdogo alipandishwa basi hadi Utah, akaishi na familia ya Wazungu ili asome. Mpango huo wa kanisa ulianza rasmi mwaka 1954, msukumo mkubwa ukitoka kwa Spencer W. Kimball, aliyekuja kuwa rais wa kanisa. Maelfu ya watoto waliupitia, na sharti mojawapo lilikuwa kubatizwa. Bibi anawapenda waliomlea. Anawalaumu pia, kwa sababu kila kiangazi alirudi kwao Kinavajo chake kimepungua.

Kanisa letu linakataza kahawa na tumbaku. Kahawa, ambayo huku mgeni hukaribishwa nayo karibu kila nyumba, bibi haigusi. Tumbaku ya milimani inayotumika kwenye matambiko ya Kinavajo ni habari nyingine. Hapo anakufungulia Mafundisho na Maagano, kimojawapo cha vitabu vyetu vitakatifu, sehemu ya 89, anakuonyesha kwamba tumbaku imetajwa kuwa dawa ya michubuko na ng'ombe wagonjwa. Mtu akitaka ubishi, na aanzie hapo!

Mjukuu wake alipovunja ungo alifanyiwa kinaaldá, sherehe ya Kinavajo ya msichana kuingia utu uzima: alikimbia alfajiri kuelekea mashariki, keki kubwa ya mahindi ikaokwa usiku kucha ndani ya shimo. Kanisani hakuna aliyenung'unika, angalau si mbele ya bibi.

Kuhusu Walamani, watu wa Kitabu cha Mormoni ambao kanisa lilifundisha kuwa ndio mababu wa wenyeji wa Marekani, nyumba yenyewe imegawanyika. Kizazi cha bibi kiliitwa jina hilo kikajiona watoto wa ahadi. Wajukuu wanasoma habari za ngozi iliyotiwa weusi kwa laana na wanafunga kitabu. Mimi niko upande wa wajukuu. Kanisani watu weusi tulinyimwa ukuhani hadi 1978, kwa hiyo sihitaji kuelezwa mafundisho kama hayo yanaumaje.

Lakini kinachomkosesha bibi usingizi ni wafu. Kanisa letu linataka tutafute majina ya waliotutangulia tubatizwe hekaluni kwa niaba yao. Wanavajo wanaoshika mila hawalitaji jina la marehemu ovyo, na nyumba aliyofia mtu huhamwa. Bibi atakutajia koo zake nne bila kusita: wa mama, wa baba, wa babu mzaa mama, wa babu mzaa baba. Muulize babu huyo aliitwa nani, anageukia jiko.

Nilimwambia kwetu tunawapa watoto majina ya marehemu ili yasipotee. Akacheka. "Basi wewe huogopi. Kaa na binti yangu muandike, mimi nina kondoo wa kuangalia."

Kwa hiyo tunaandika, binti akisoma vyeti vya zamani, mimi nikijaza kwenye kompyuta. Majina yakishaingia, bibi atakwenda hekaluni kubatizwa kwa niaba ya wanawake waliomo, hilo amekubali. Kaka yake, ambaye kanisa hataki hata kulisikia, anajua tunachofanya na ameacha kuja kula pale tukiwepo.