Kocha aliniambia mwanamke anachoka haraka, nikatupa programu yake na Mweka nikapanda

Jamani mnaosikia gym kwamba mwili wa kike hauna stamina, hebu someni hapa. Nilikuwa najiandaa na Kilimanjaro Marathon, ile half ya kilomita 21, na kocha mmoja akaniandikia skwati marudio manane tu halafu mapumziko dakika tatu kila seti, eti "dada'ngu wewe ukibanwa utachoka". Gym kama elfu hamsini hivi kwa mwezi, nalipa ili nikae kwenye benchi napoa! Na nikienda kukimbia mlimani mapaja yanawaka mapema tu.

Ikabidi niwaambie wale kaka wa pale tufanye jaribio la haki. Kila mtu atafute mzigo wa mwisho anaouweza mara moja tu kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu. Hapo walinizidi mbali, sibishi, wanaume wana misuli mingi na nguvu zaidi. Halafu kila mtu aweke nusu ya mzigo wake MWENYEWE, asukume kwa mdundo mmoja, mtu anahesabu kwa sauti, mpaka mguu ugome. Weee! Kaka mwenye mapaja kuliko wote ndiye aliachia wa kwanza, uso umeiva, wenzake wakafuata mmoja mmoja, mimi bado nasukuma na anayehesabu sauti inamkauka, hata waliokuwa kwenye mashine za kukimbia wakashuka kuja kuangalia. Wakasema bahati. Tukarudia kwa kushikilia ule mzigo bila kuusogeza, na hapo ndio niliwaacha mbali zaidi.

Wala sio mimi tu. Sandra Hunter, mtafiti anayefanya kazi Marekani, amelipima hili miaka mingi. Msuli mkubwa ukikaza kwa nguvu unabana mishipa yake yenyewe, damu haipiti vizuri, wa kwetu ni mdogo kwa hiyo damu inaendelea kupita. Halafu kwa wastani tuna sehemu kubwa zaidi ya zile nyuzi za misuli za polepole zinazokawia kuchoka, na kwenye mazoezi marefu tunachoma mafuta zaidi kwa hiyo sukari ya kwenye misuli haiishi mapema. Ila mzigo ukikaribia ule wa mwisho kabisa tofauti inapungua sana, msije mkaenda kubishana na watu kwenye vyuma vizito.

Basi nikageuza kila kitu, mzigo wa kati, marudio kumi na tano, pumziko dakika moja. Siku ya vyuma vizito ndio nikabaki na zile dakika tatu. Na wadada pimeni damu, madini ya chuma yakiwa chini hakuna programu itakayowasaidia.

Siku ya mbio sasa. Half ya Moshi unapanda kwenda Mweka kwanza ndio unageuka unashuka, na wanaume wengi wanatoka pale mbio mbio kama wanawahi daladala. Nikawaacha waende. Hata kwenye marathon kubwa imeonekana wanaume kwa wastani ndio wanapunguza kasi zaidi nusu ya pili, sisi mwendo wetu unashikilia. Kabla hata ya kufika juu nikaanza kuwakuta wanatembea mikono kiunoni, nikawapita na pumzi ya kuwasalimia ninayo, "pole kaka, kaza!"

Wanaume bado wana kasi kuliko sisi, Kelvin Kiptum wa Kenya mwaka 2023 aliweka rekodi ya marathon ya saa 2 na sekunde 35, hakuna mwanamke aliyeikaribia. Lakini umbali ukiwa mrefu mno tofauti inaanza kubanwa. Jasmin Paris mwaka 2019 alishinda Spine Race kule Uingereza, kilomita zaidi ya 400, kwa saa 83 na ushee, akawapiga wanaume wote, na alikuwa ananyonyesha, akifika vituoni anakamua maziwa!

Mimi sasa nalenga marathon nzima, kilomita 42, programu nimeiandika mwenyewe kwenye daftari. Anayetaka picha yake aseme nimtumie.