Bustani ya shule juu ya makoro

Mtu asiyeufahamu mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, akisikia kwamba shule fulani ina bustani, hudhani kwamba palikuwa na kiwanja, jembe na mbegu, basi. Sisi hatukuanza na jembe, kwa sababu lingevunjika siku ya kwanza. Nyuma ya darasa langu la mwaka wa tano kuna makoro matupu, yale mawe meusi yenye matundu yaliyoachwa na volkano ya Nyiragongo mwezi wa Januari 2002, wakati moto uliposhuka hadi katikati ya mji na kufunika takriban asilimia 13 ya eneo lake. Wanafunzi wangu walikuwa hawajazaliwa. Kwao makoro si kumbukumbu ya msiba; ni ukuta wa nyumba, ni uzio wa jirani, ni kitu kinachochubua goti unapokimbilia mpira.

Kwa hiyo tulianza kwa kuyapanga. Tulijenga matuta manne yenye kuta za mawe zinazofika magotini, tukatandika kokoto chini, kisha tukanunua udongo uliokuja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumwa, kutoka nje ya mji. Udongo huo haukujaza hata tuta moja na nusu. Uliobaki ilibidi tuutengeneze wenyewe, na nikiri kwamba sikukusudia hilo liwe somo; ni fedha zilizokwisha. Watoto wakaanza kuleta kutoka nyumbani maganda ya ndizi na ya viazi, maganda makavu ya maharagi, majivu kidogo, na mavi ya simbilisi, ambao hufugwa jikoni katika nyumba nyingi za Kivu na ambao samadi yao ni nzuri sana.

Kabla ya yote niliweka sharti moja, nalo ni kwamba hakuna mtoto atakayepelekwa bustanini kwa sababu ya kuadhibiwa. Nilipokuwa mwanafunzi, aliyechelewa alipewa jembe, aliyepiga kelele alipewa jembe, na asiyejua kuzidisha alilima mpaka jua la saa sita. Tukamaliza shule tukiamini kwamba kulima ni kazi ya wajinga. Halafu mwalimu yuleyule akatuandikia ubaoni kwamba ardhi ni mama yetu. Sijui alitarajia tumwamini vipi.

Rundo la mboji ndilo lililofundisha mengi kuliko mimi. Katika juma la pili nilichomeka nondo katikati yake, nikaiacha muda wa somo moja la hesabu, kisha nikamwita msichana mmoja aichomoe. Aliishika, akaiachia palepale, akapaza sauti: «Mwalimu, iko inapika!» Ilikuwa ya moto kweli, na hapakuwa na makaa wala kiberiti. Siku hiyo sikulazimika kumshawishi mtu yeyote kwamba ndani ya uozo kuna viumbe wadogo wanaokula, wanaopumua na wanaotoa joto. Miezi mitatu baadaye tulipopepeta rundo, maganda yote yalikuwa yamegeuka udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua, lakini vile vifuko vyeusi vya plastiki vilivyoponyoka na takataka vilitoka jinsi vilivyoingia. Tuliviosha, tukavitundika kwenye kamba darasani, na havijashushwa hadi leo. Mtoto mmoja akauliza kwa nini ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, havionekani. Nikamweleza kwamba Rwanda ilivipiga marufuku mwaka 2008, na kwamba nchi yetu nayo ilitoa amri ya kuvizuia mwishoni mwa 2017. Alitazama ile kamba, akanitazama mimi, akakaa.

Maharagi nayo tuliyang'oa kwa makusudi, mche mmoja tu, yakiwa yanachanua. Kwenye mizizi kuna vinundu vidogo kama punje za mtama. Ukikipasua kimoja kwa ukucha, utakuta ndani wekundu hafifu, nao ndio dalili kwamba bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuvuta nitrojeni kutoka hewani na kuupatia mmea. Tangu hapo wenyewe wamekataa kupanda lenga-lenga, yaani mchicha, mara mbili mfululizo kwenye tuta moja bila maharagi kupita katikati.

Maji yalitusumbua zaidi. Goma ina ziwa kubwa miguuni lakini haina vijito, kwa kuwa mvua inyeshayo huzama mara moja ndani ya mawe. Watoto hawa wanajua uzito wa bidoni ya lita 20 kuliko ninavyoujua mimi, na sikuona haki ya kuwaambia wabebe nyingine kwa ajili ya kabichi. Tunatumia maji ya bati na yale ya kunawia mikono, kisha tunafunika udongo kwa nyasi kavu ili usikauke upesi.

Lakini kosa kubwa lilikuwa la kalenda. Mwaka wa kwanza shirika moja lilituletea mbegu za kabichi mwezi wa Mei, pamoja na kibao kikubwa kuliko tuta lolote. Tukapanda, tukapigwa picha. Mwanzoni mwa Julai shule ikafungwa, nayo mvua ilikuwa imekwisha kukatika. Septemba tulikuta vijiti vikavu na kibao kikiwa kizima. Wakulima wa Kivu wangetucheka, maana wao wana msimu A unaoanza Septemba na msimu B unaoanza Februari hadi Juni, na ukiitazama vizuri, shule nayo hufunguliwa na kufungwa karibu na majira hayohayo. Kumbe kalenda tulikuwa nayo tangu zamani. Ni sisi tuliofuata tarehe za mfadhili. Sasa hatupandi kitu kipya baada ya Machi isipokuwa kitakachovunwa kabla ya mitihani.

Kwa likizo tulipatana na mama mmoja anayeishi nyuma ya uzio: amwagilie matuta kwa maji yaliyobaki kwenye tangi, na chochote kitakachoota kiwe chake. Alitimiza ahadi kupita tulivyotegemea. Tulipofungua mlango Septemba iliyopita, tuta la nne lilikuwa limejaa vitunguu vyake, vya kijani na vyenye afya, vilivyobakiza kama mwezi mmoja kukomaa, nasi tulikuwa na mbegu za msimu A mkononi. Darasa likapiga kura. Mama akaachiwa hadi Oktoba, kwa sharti kwamba aje atufundishe jinsi alivyovipanda, naye akaja akiwa na kiti chake.