Lishe ilikuwa safi

Jumanne, usiku

Leo nimetupa chupa 14 za seli ninazokuza maabara. Nimezimimina moja baada ya nyingine kwenye ndoo yenye klorini, nikatazama ile rangi nyekundu ya lishe, yaani maji yenye virutubisho seli zinamoishi, ikififia mpaka ikapotea. Kazi ya wiki sita imekwisha kwa dakika kumi, na nusu ya dakika zenyewe nilikuwa nahangaika na glovu iliyochanika.

Nasema kazi, lakini neno ninalolitumia siku zote ni kulea. Wasioijua shughuli hii hunicheka. Seli zinakaa ndani ya inkubeta, kabati la kuzitunzia, kwenye joto la nyuzi 37, hewa ina asilimia 5 ya kabonidayoksaidi, nawe unakwenda kuzichungulia hata siku ya mapumziko. Lishe ikianza kugeuka njano ujue asidi imezidi, zimekula na kuchafua, zinataka kubadilishiwa. Zikishatandaa na kujaza sakafu ya chupa, unazibandua kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini na kuzigawa. Ukichelewa zinasongamana na kufa. Ukizigawa zikiwa chache mno nazo zinagoma kukua.

Shida ilikuja taratibu. Chupa iliyokuwa inajaa kwa siku tatu ikataka siku nne, kisha tano. Nikihesabu seli nilizovuna, kila wiki pungufu. Nikaanza kushuku kila kitu isipokuwa mkono wangu mwenyewe. Nilianza na seramu, ile sehemu ya damu tunayochanganya kwenye lishe, kwa kuwa tulikuwa tumefungua toleo jipya. Nikarudi kwenye toleo la zamani. Nikaazima kipimajoto kuipima inkubeta, ikawa sawasawa. Nikasema basi ni tripsini, labda naiacha muda mrefu inaziunguza. Kila nilipobadili kitu mavuno yalipanda kidogo, nami nikafurahi na kuandika daftarini kwa herufi kubwa, halafu wiki iliyofuata yakaporomoka tena.

Na muda wote huo lishe ilikuwa safi! Hapo ndipo paliponipoteza. Bakteria wa kawaida wakiingia kwenye chupa hawajifichi: unaacha jioni iko angavu, asubuhi unakuta maji ya dimbwi. Kuvu nayo huota manyoya ukayaona kwa macho. Lishe yangu ungeweza kuiweka mbele ya maandishi ukayasoma.

Aliyenizindua ni dada mmoja wa maabara ya jirani, mtu aliyekuza seli tangu mimi niko shuleni. Alikuja kuazima pipeti, akanisikia nikilalamika.

"Mdogo wangu, mara ya mwisho umepima maikoplasma lini?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba hao ni bakteria tu, na lishe yangu ina antibiotiki mbili, penisilini na streptomisini, tena natia kila mara.

"Sasa penisilini itamfanya nini asiye na ukuta?"

Niliona aibu, maana hilo nililisoma na mtihani wake nikaufaulu. Penisilini huua bakteria kwa kuwazuia kujenga ukuta wa seli zao. Maikoplasma hawana ukuta, kwa hiyo dawa inawapita tu. Ni wadogo kiasi kwamba baadhi yao hupenya hata kwenye chujio la maikromita 0.22 tunaloliamini kama mlinzi wa zamu. Hawachafui lishe. Wanajibandika juu ya seli na kula chakula chake, baadhi yao wakiipenda sana arginini, mojawapo ya asidi amino, na mara nyingi seli haifi. Inachoka tu, mwaka mzima ukipenda.

Jana nikapaka seli zangu rangi inayonasa DNA, nikaziweka chini ya hadubini gizani. Kwenye seli safi kinachong'aa ni kiini peke yake, duara la buluu, na pembeni yake kiza. Kwangu pembeni hapakuwa na kiza. Kila kiini kilizungukwa na vinukta vidogo vidogo, mamia, kama mtu amenyunyiza vumbi linalowaka. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Usiku huu nimekuwa nawawaza watafiti watatu, Enders, Weller na Robbins. Mwaka 1949 walionyesha kwamba virusi vya polio vinaweza kukuzwa kwenye tishu zisizo za neva, ndani ya vyombo vya maabara, na mwaka 1954 wakapata Tuzo ya Nobel. Njia ya chanjo ya polio ilipita hapo. Mojawapo ya vitu vilivyowarahisishia kazi ni hizi hizi antibiotiki, ambazo zilizuia bakteria wasiziharibu tishu zao. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1956, ikaripotiwa kwamba maikoplasma wamo ndani ya seli zinazokuzwa maabara. Kwa hiyo habari hii ina umri mkubwa kuniliko, na bado mimi nilikuwa natia dawa kwenye chupa kama mtu anayefunga mlango kwa komeo huku dirisha liko wazi.

Nikiwa mkweli, dirisha naona nililifungua mwenyewe. Miezi miwili iliyopita mwenzangu alinipa kichupa cha seli, nami nikakiweka moja kwa moja kwenye inkubeta yenye seli zangu zote. Sikukitenga, sikukipima. Pia nina tabia ya kupiga soga huku chupa iko wazi, na wapo maikoplasma ambao makazi yao ni kinywa cha binadamu. Sitajua ni kipi kati ya hivyo viwili. Mwenzangu nimemwambia akapime zake, amenuna kidogo.

Wapo wanaotibu seli kwa dawa maalumu badala ya kuzitupa. Kama zingekuwa za pekee ningejaribu. Hizi nilikuwa na akiba yake kwenye naitrojeni ya kimiminika, iliyogandishwa kabla ya kile kichupa kuja, na kipimo chake kimetoka safi. Inkubeta nimeifuta kila pembe, mpaka sinia la maji.

Jioni nimeyeyusha kichupa kimoja. Sasa hivi seli ni viduara vinavyoelea, hakijashika hata kimoja. Kwenye chupa nimeandika tarehe, namba ya kizazi, na chini yake: bila penisilini.