Bibi hakutaka dole gumba

Jumapili, usiku. Wageni wameondoka, masufuria yameoshwa, turubai limekunjwa. Mezani nina madaftari mawili, moja jipya na jingine kuukuu, na usingizi hauji.

Hili jipya ni la rambirambi. Siku ya mazishi binamu yangu alikaa nalo tangu asubuhi: mtu anakuja, anatoa alichojaliwa, anataja jina, binamu anaandika. Kwenye saa nane mchana akaja mzee mmoja na mkongojo wake, akatoa noti ya elfu tano. Binamu akamuuliza, "Shikamoo babu, niandike nani?" Mzee akaitikia marahaba, lakini jina hakulitaja. Akanyoosha mkono, akachukua kalamu, akalivuta daftari upande wake, akainama, akaanza kuandika mwenyewe. Watu nyuma yake wakasimama kungoja. Aliandika majina yake yote matatu, herufi moja moja, kila "a" imefungwa vizuri na mkia wake umegusa mstari. Mbele akaweka 5,000/= na kupiga mstari chini. Alipomaliza akasema, "Mwalimu angenikasirikia," akaenda kukaa na wazee wenzake.

Mimi ndipo nilipolia. Kaburini sikulia, pale nililia.

Bibi amefariki akiwa na miaka 88. Sisi wajukuu tulimwita Bibi, watoto wake walimwita Mama, na kisiwa kizima cha Ukerewe, au tuseme upande wetu wote wa kisiwa, walimwita Mwalimu. Mtu ukishuka melini pale Nansio ukasema unakwenda kwa Mwalimu, dereva wa pikipiki hakuuliza mwalimu yupi. Alianza kufundisha mwaka 1956, na miaka miwili ya chuo baada ya darasa la nane, wakati wasichana waliofika huko walikuwa wa kuhesabika. Akastaafu 1991. Hapo katikati shule yake ilitoka mikononi mwa misheni ikawa ya serikali, mtaala ukabadilika mara sijui ngapi, na mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, kila mtoto aingie shule. Darasa lake la watoto arobaini likawa na watoto tisini, wanaingia kwa zamu, asubuhi na mchana. Vijana waliomaliza darasa la saba wakaletwa kuwa walimu wa UPE, yaani ule mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, wanajifunza ualimu huku wanafundisha. Wawili walipanga kwake, na jioni akiwapitishia maandalio ya somo kwenye meza hiihii ninayoandikia. Babu alishafariki. Watoto sita alisomesha peke yake.

Lakini watu waliojaa hapa wiki hii, wengi si wale watoto. Ni wale waliosoma naye usiku, wakiwa watu wazima.

Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha zikachaguliwa wilaya sita ambazo zilitakiwa ziwe zimefuta ujinga ifikapo sikukuu ya miaka kumi ya Uhuru, Desemba 1971. Ukerewe ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia, Kilimanjaro na nyingine. Bibi alikuwa na miaka 34. Akakabidhiwa darasa la kisomo chini ya mwembe wa shule, ubao mmoja, chemli mbili, na vitabu vya kusomea vilivyoandikwa kufuata kazi za watu wa Kanda ya Ziwa: kimoja cha pamba, kimoja cha uvuvi, kingine cha ndizi. Alivipenda vitabu vile. Alisema mtu mzima humwambii habari za paka na panya, atakuona unamchezea. Mwambie mbegu, mwambie nyavu, atasoma.

Wanawake walikuja alasiri wakitoka shamba, wengine na watoto mgongoni. Kazi ilikuwa kwa wavuvi. Dagaa huvuliwa usiku, kwa mwanga wa karabai, na mwanga huo hauvuti kitu kama mbalamwezi imetanda. Kwa hiyo mwezi ukiwa mchanga wanaume wote wako ziwani, na mwezi ukiwa mpevu wako nyumbani wanashona nyavu. Bibi akaacha ratiba aliyopewa akapanga masomo yake kwa mwezi. Siku za giza anafundisha wanawake peke yao. Ukipevuka, anafundisha wavuvi kila usiku, mfululizo, mpaka uanze kupungua. Mkaguzi alipokuja akauliza mbona mahudhurio yako yanapanda na kushuka hivi, Bibi akamwambia asubiri jua lizame atazame juu. Hadithi hii ametusimulia mara nyingi, na kila mara alifika hapo akanyoosha kidole dirishani, hata iwe mchana.

Somo lake la kwanza halikuwa irabu. Lilikuwa jina lako. Kabla ya a, e, i, o, u, kila mtu alichorewa jina lake mchangani, akapewa kijiti, akalifuatisha, akalifuta kwa kiganja, akaliandika tena. Wavuvi walishika chaki kama wanashika kasia, chaki zikikatika, na Bibi akikusanya vipande kwenye kopo kwa sababu boksi likiisha hakuna jingine. Aliwashika mikono, mikono migumu ya watu waliomzidi umri, akiwaongoza. Baadhi ya waume wa kijijini hawakufurahi. Alishika tu.

Jina kwanza, kwa sababu ya baba yake. Baba yake alilima pamba. Bibi akiwa na miaka kumi hivi, miaka ya arobaini, alimsindikiza kuuza. Mnunuzi akapima, akaandika kwenye karatasi, akamsogezea baba yake kidau cha wino. Baba akachovya dole gumba, akabonyeza. Bibi alikuwa darasa la pili. Aliisoma ile karatasi ikiwa juu chini, kutoka upande wake wa meza, na uzito aliouona pale haukuwa ule baba yake aliotajiwa kwa mdomo. Akamwambia wakiwa njiani kurudi. Baba yake akatembea kimya kitambo kirefu, halafu akamuuliza, "Kwa nini hukusema pale?" Bibi alikuwa na miaka 80 na kitu aliponisimulia hili, na sauti yake ilibadilika alipofika kwenye swali hilo. "Niliogopa," akasema. "Nilikuwa mtoto, niliogopa."

Kwetu wajukuu alikuwa mwalimu vilevile, hakuwa na mlango wa kuingilia ubibi na mlango wa kutokea ualimu. Ukisema "naomba karamu" akikuuliza sherehe ni ya nani. Tumekulia kwenye l na r, kula na kura, mpaka leo nikisikia mtu redioni amekosea nageuka kumtafuta Bibi kwa macho. Nilipokwenda shule ya bweni Mwanza nilimwandikia barua kila mwezi, na kila barua ilirudi. Ndani ya bahasha kulikuwa na majibu yake, na pamoja nayo barua yangu mwenyewe imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na alama juu kulia. Saba juu ya kumi. Nane. Siku moja sita na nusu, na pembeni: "Mwandiko umeharakishwa. Ulikuwa unakimbilia wapi?" Wenzangu bwenini walinicheka. Mimi nilikuwa nazitunza, nilijua hakuna mtu mwingine duniani anayeisoma barua yangu mara mbili.

Barua moja haikurudi. Niliiandika mwaka 1998, wiki mbili baada ya kumzika mama yangu, bintiye wa tatu. Alinijibu kurasa nne, lakini ya kwangu hakuirudisha, na sikuwahi kuuliza. Jana tumefungua sanduku lake la bati. Imo. Imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Nimeisoma yote. Ina makosa mawili ya wazi, neno moja nimeliandika mara mbili na jingine nimelikosea kabisa, na hakuna hata nukta ya wino mwekundu.

Niliweke na hili, maana nikiliacha nitalisahau jinsi lilivyokuwa. Akiwa na miaka 84 alipata kiharusi. Mungu alisaidia, maneno yalirudi baada ya wiki chache, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito. Nikampeleka benki kuchukua pensheni yake. Benki gani si muhimu. Sahihi yake haikufanana na iliyo kwenye kumbukumbu zao. Kijana wa dirishani, na sidhani alikuwa na nia mbaya, akatoa kidau cha wino wa mhuri akakisogeza mbele yake. "Bibi, weka dole gumba tu, ndiyo rahisi."

Nilimwona anavyokitazama kile kidau. Akakisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka kikafika upande wa kijana. "Mwanangu, nipe kalamu." Akaandika. Ilichukua muda mrefu, foleni nyuma yetu ikaanza kuguna, mtu mmoja akasema kwa sauti si aweke tu kidole twende. Sahihi ikakataliwa. Akaomba karatasi nyingine. Nayo ikakataliwa. Nikamnong'oneza, "Bibi, leo tu." Hakunijibu, na najuta nilisema. Tukaondoka bila pesa.

Nyumbani akaniagiza madaftari ya mistari mipana, yale ya darasa la kwanza, matatu. Akaanza kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Kila asubuhi baada ya chai, ukurasa mzima, kibarazani, karatasi imeshikizwa kwa jiwe kwa sababu mkono wa kulia haukuweza kuizuia isisogee. Mwanzo ni mikwaruzo tu. Ukurasa wa ishirini unaona herufi ya kwanza inasimama. Na kila ukurasa akausahihisha: amezungushia mwekundu herufi zilizotoka nje ya mstari, na juu kulia ameweka alama. Mbili. Tatu. Tatu. Nne. Miezi mitano. Siku aliyojipa nane akasema twende. Tukarudi palepale, akaomba kubadilisha sahihi, akaandika mara tatu mbele ya yule kijana yuleyule, zote tatu zinafanana. Kijana akasema, "Hongera, Bibi." Akaitikia, "Ahsante, mwanangu," na njia nzima kwenye meli alikuwa anatabasamu akitazama maji.

Sasa hili daftari kuukuu. Lilikuwa chini kabisa ya sanduku, limefungwa kwa kipande cha khanga. Jalada limeliwa na mende pembeni. Ndani ni darasa lake la kwanza la kisomo, majina 38, na kila mtu ana mstari wake. Kushoto kuna dole gumba, la siku aliyoandikishwa. Kulia kuna sahihi, ya siku aliyofaulu, na tarehe. Nimekaa nayo saa nzima, nikipitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia. Madole mengine yamebonyezwa kwa nguvu hadi wino umetapakaa, mengine yamegusa tu kama mtu anayeogopa kuunguza karatasi. Na kulia majina: yamepinda, makubwa, mengine yamejaa kisanduku na kutoka nje. Namba 17 ni yule mzee wa mkongojo. Herufi zake za mwaka 1971 na za juzi kwenye rambirambi nimezilaza pamoja chini ya taa. Ni zilezile. Hata ule mstari wa chini upo.

Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta watu wazima wasiojua kusoma nchini ni kama wawili katika kila watatu. Mtihani wa taifa wa 1986 uliwakuta kama mmoja katika kila kumi. Nilizijua hesabu hizo tangu shuleni. Sikujua zina wino na jasho namna hii.

Sahihi ziko 37. Namba 1, juu kabisa, haina. Dole gumba lipo, dogo, limefifia. Ni mama yake Bibi. Shangazi ameniambia alikaa mbele kila siku ya darasa, akaja na kigoda chake, hakukosa hata mvua ikinyesha, na herufi hazikumkaa. Kwenye nafasi yake Bibi amepiga mistari midogo kwa rula, mmoja chini ya mwingine. Wa kwanza umeandikwa 1971, bado. Wa pili 1975, bado. Wa tatu 1977, bado. Bibi mkubwa alifariki 1980. Mstari wa nne umeshapigwa, hauna kitu.