Kasuku wa alizeti tupu

Punje ya alizeti ikishamenywa, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Vitamini A ni kama hamna. Kalsiamu ipo kiduchu, na fosforasi ni mara nane hivi ya hiyo kalsiamu, ilhali ndege anatakiwa apate kalsiamu zaidi ya fosforasi. Ndicho anachokula kasuku wa kijivu aliyejaziwa bakuli la alizeti asubuhi na jioni. Kwa kuwa hali hiyo humla polepole kwa miaka, mfugaji huona mambo ni shwari. Ndege huyu akilishwa vizuri anaweza kupita miaka 40.

Kuongeza uwele, mtama na karanga hakusaidii sana. Kasuku hudokoa alizeti na karanga kwanza, vingine akavitupa chini. Ulezi kwa mfano una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine, lakini kasuku mkubwa huupuuza. Zile mbegu za pakiti zilizopakwa vitamini nazo ni hasara: vitamini iko juu ya ganda, na ganda ndilo analolitema.

Kwa kasuku wa kijivu, tatizo la kuogopa zaidi ni kalsiamu. Ikishuka kwenye damu, miguu hutetemeka, ndege hujikwaa, huanguka kutoka kwenye kijiti, kisha hupata degedege. Hapo si pa kujaribu dawa ya nyumbani. Ni daktari wa mifugo na sindano ya kalsiamu, siku hiyohiyo. Na kalsiamu ya chakulani haisharabiwi vizuri bila vitamini D, ambayo mwili huitengeneza kwa jua. Kioo cha dirisha huzuia ile miale inayohitajika, kwa hiyo tundu lililo sebuleni kando ya dirisha halihesabiki. Litoe nje nusu saa asubuhi, upande mmoja ukiwa na kivuli cha kukimbilia, na usimwache peke yake: mwewe na paka hawachelewi.

Upungufu wa vitamini A huanzia kinywani. Mmulike kwa tochi anapopiga miayo. Kwenye paa la kinywa kuna mwanya uliozungukwa na vichomozo vidogo vyenye ncha. Kwa ndege wa mbegu tupu ncha hizo huwa butu, mwishowe hupotea. Utando wa koo na pua hukakamaa, uvimbe mweupe hujitokeza karibu na ulimi, pua huziba, na bakteria na ukungu hupata njia. Wengi humtibu mafua mara kwa mara bila kugusa bakuli.

Ini nalo hujaa mafuta. Dalili ni mdomo unaorefuka kupita kiasi na kubanduka maganda, madoa meusi ya damu kwenye kucha, na ile sehemu nyeupe ya kinyesi kugeuka njano au kijani. Karanga zenye ukungu humalizia kazi, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, hushambulia ini hilohilo. Sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi. Ndege wa gramu mia nne na kitu atahimili kiasi gani?

Sasa, kumbadilishia. Usimwondolee mbegu ghafla; kuna kasuku watakaokaa na njaa badala ya kugusa kitu wasichokijua. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mpime kila asubuhi baada ya choo cha kwanza, kabla hajala, uandike. Wengi wao huwa kati ya gramu 400 na 550. Akipungua sehemu moja ya kumi, yaani gramu 45 kwa ndege wa 450, simama, rudisha mbegu, mwone daktari.

Mboga zitangulie asubuhi, njaa ikiwa bado ipo: sukuma wiki, majani ya mlonge, karoti, boga, kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kilichochemshwa. Katakata ndogo sana, changanya na mbegu chache ili akizitafuta aonje na mboga. Pilipili mpe bila wasiwasi, ndege hahisi ukali wake. Spinachi iwe ya mara mojamoja kwa sababu ina asidi inayoifunga kalsiamu. Baada ya saa mbili ondoa mabaki, hasa kwa joto la Mombasa au Dar. Mbegu zije jioni, zikiwa zimepimwa, na uzipunguze robo kila baada ya wiki mbili maadamu uzito umetulia. Ule mboga hizo mbele yake: kasuku huiga.

Choroko zilizolowekwa usiku kucha, zikasuuzwa na kuachwa zichipue siku moja au mbili, ni daraja zuri, kwani bado zinafanana na mbegu. Zikinuka, tupa. Maharage yaive kabisa. Mabichi yana sumu. Walio Kigoma au Kongo wana bahati ya mawese: porini kasuku hawa hula matunda ya michikichi, na matone mawili matatu ya mawese mekundu yasiyosafishwa juu ya mboga huleta malighafi ya vitamini A. Yakizidi, umerudi kwenye mafuta.

Chakula cha vidonge cha kasuku ni kizuri, kikichukua zaidi ya nusu ya mlo, ila bei yake si ya kila mtu. Asiye nacho achemshe maganda ya mayai dakika kumi, ayakaushe, ayasage, na anyunyize unga kidogo wa kushikika kwa vidole viwili kwenye mboga mbichi. Usimpe chakula cha kuku wa mayai kama mbadala. Kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, ambayo ni ya ndege anayetaga karibu kila siku. Kwa kasuku huumiza figo. Matone ya vitamini ya kutia kwenye maji pia achana nayo: huharibika mapema, hulisha bakteria, na maji yakibadilika ladha ndege hunywa kidogo. Parachichi, chokoleti, kahawa na muhogo mbichi visimfikie kabisa.